Sukari ikiwa imeanza kupanda: ule nini kabla ya mazoezi ya alfajiri

Wengi wakiambiwa sukari yao imeanza kupanda hufanya mambo mawili kwa mpigo: wanaanza kutembea alfajiri, na wanaanza kula kabla ya kutoka ili wasiishiwe nguvu njiani. La kwanza ni jema. La pili ndilo linalokula faida ya la kwanza.

Piga hesabu mwenyewe. Kilo moja ya unga wa ngano ina wanga wa gramu 750 hivi. Ikikutolea chapati 12, kila chapati imebeba gramu 62. Chapati mbili na kikombe cha chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari ni kama gramu 140. Sasa mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa, hutumia kalori 120 hadi 150. Gramu moja ya wanga ina kalori 4. Hata kama kila kalori aliyotumia ingetoka kwenye wanga, na haitoki, maana nyingine hutoka kwenye mafuta, angekuwa ametumia gramu zisizofika 40. Mia moja zilizobaki zinaingia kwenye damu ya mtu ambaye tatizo lake ni kwamba insulini yake, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, haifanyi kazi ipasavyo.

Kwa hiyo swali la kwanza si ule nini. Ni kama unahitaji kula kabisa.

Hatua ya 1: Zijue namba zako na dawa zako

Hali hii ya katikati, ambapo sukari si ya kawaida tena lakini haijafika kisukari, hujulikana kwa kipimo. Kwa sukari ya asubuhi, baada ya kukaa usiku mzima bila kula, Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia 6.1 hadi 6.9 mmol/L. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaanzia chini zaidi, 5.6. Ndiyo maana mtu mwenye 5.8 anaweza kuambiwa yuko sawa kwenye kliniki moja na kuonywa kwenye nyingine, na wote wawili wasiwe wamekosea. Kwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, chama hichohicho kinahesabu asilimia 5.7 hadi 6.4. Mashine yako ya kupimia sukari ikisoma kwa mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L.

Dawa ni muhimu kuliko namba. Asiyetumia dawa yoyote ya sukari, au anayetumia metformini peke yake, ni nadra sana sukari yake kushuka hadi pa hatari kwa kutembea bila kula. Anayetumia glibenklamaidi (dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini zaidi), dawa nyingine za jamii yake, au insulini, yuko kwenye kundi jingine. Huyo akikuta sukari iko chini ya 5.0 asitoke kabla ya kula wanga wa gramu 15 hadi 30, na mpango wake aupange na daktari wake. Yaliyo hapa chini hayamtoshi.

Na kama ukipanda ngazi kifua kinabana, au umewahi kuzirai ukijitahidi, nenda ukapimwe moyo kwanza. Chakula kitasubiri.

Hatua ya 2: Anzia usiku uliopita

Sukari ya saa 11 alfajiri hupikwa na vitu viwili. Cha kwanza ni ini lako. Kuelekea asubuhi mwili hutoa homoni za kuamsha, kortiso mojawapo, nazo huliambia ini liachie sukari kwenye damu. Kwa mtu mwenye insulini inayofanya kazi vizuri hilo halionekani. Kwako linaonekana, na ndiyo sababu unaweza kulala na 5.9 ukaamka na 6.6 bila kuweka kitu kinywani. Hujakosea popote.

Cha pili ni chakula cha usiku. Sahani ya wali iliyoliwa saa 4 usiku bado haijamaliza kazi yake saa 10 alfajiri, hasa ikiwa na nyama ya mafuta au nazi nzito, maana mafuta huchelewesha tumbo. Kula saa 1 au saa 2 usiku. Ugali uwe robo ya sahani, mboga za majani nusu, na robo iliyobaki maharage, samaki, dagaa au nyama. Ukishakula, tembea dakika 10 au 15 uani au mtaani, hata polepole. Mara nyingi marekebisho haya ya usiku huiteremsha namba ya asubuhi kuliko jambo lolote utakalolifanya baada ya kuamka.

Hatua ya 3: Pima zoezi kabla ya kupima chakula

Hofu ya kutoka na tumbo tupu inatokana na kudhani kwamba usiku mwili umeishiwa. Haujaishiwa. Ini hupunguza akiba yake usiku kwa kulisha ubongo, kweli, lakini misuli ina akiba yake yenyewe, gramu 300 hadi 500 za sukari iliyofungwa, na usingizi hauigusi. Hiyo ndiyo inayokutembeza. Zaidi ya hapo, msuli unaofanya kazi hufungua mlango wa kuingiza sukari bila kuisubiri insulini. Kwa mwenye shida ya insulini, hakuna dawa nyepesi kuliko hiyo.

Sasa chagua:

Kutembea kwa kasi dakika 20 hadi 45, ukiweza kuongea lakini usiweze kuimba: maji glasi moja, au chai ya rangi isiyo na sukari. Basi. Ukiwa mtu wa kuhisi wepesi wa kichwa, kula yai moja la kuchemsha. Lina protini gramu 6 na wanga usiofika gramu moja; halitaipandisha sukari.

Dakika 45 hadi 75, au kukimbia taratibu, baiskeli, au jembe shambani: wanga gramu 10 hadi 20 pamoja na protini kidogo.

Zaidi ya hapo, au mazoezi mazito kama vyuma, mpira wa miguu, kupanda mlima: wanga gramu 20 hadi 30 na protini gramu 8 hadi 10, ukiliwa mapema.

Jembe tumelitaja kwa makusudi. Mtu anayelima kwa muda wa saa mbili kila asubuhi hana haja ya kwenda kutembea, na hana haja ya kula kama anayetembea.

Hatua ya 4: Andaa kipande, usiandae mlo

Vyakula vifuatavyo vimepimwa kwa lile kundi la gramu 10 hadi 20. Ukiwa kwenye kundi la tatu, ongeza kipimo mara moja na nusu. Usikisie kwa macho wiki ya kwanza. Tafuta mizani ya jikoni au ya dukani upime mara mbili tatu, jicho litazoea.

*Kiazi kitamu cha kuchemsha, gramu 80, na karanga kiganja kimoja.* Kiazi hicho ni kipande kinachoenea kwenye kiganja bila kukijaza, wanga gramu 15 hivi. Chemsha usiku na maganda yake, kiache kipoe, ule asubuhi hivyohivyo. Cha kuchemsha hupandisha sukari taratibu kuliko cha kuchoma au kuoka, na kikipoa sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa aina isiyomeng'enywa haraka. Karanga ziwe gramu 20, za kukaanga bila mafuta, bila sukari ya kupakwa. Muhogo usiuchukulie kama ndugu yake: gramu 80 za muhogo uliochemshwa zina wanga karibu mara mbili.

*Uji wa ulezi, kikombe kidogo cha mililita 200.* Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa hiyo tutakaa kidogo. Ulezi, au wimbi kwa walio Kenya, umepewa sifa ya kuwa chakula cha wagonjwa wa sukari, na wengine wanaamini hauna sukari kabisa. Unga wake ni wanga kwa zaidi ya asilimia 70, kama nafaka nyingine. Ubora wake uko kwenye nyuzinyuzi na madini, na ubora huo hupotea ukisagwa laini sana, ukakobolewa, kisha ukatiwa sukari vijiko vitatu. Chukua unga gramu 20, yaani vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa kwa kisu. Ukoroge na maji baridi vijiko vinne mpaka usiwe na madonge, umimine kwenye maji yanayochemka mililita 200, ukoroge mfululizo dakika 3, kisha punguza moto uache utokote dakika 8. Epua. Tia kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa na maji ya nusu limau. Sukari hakuna, asali hakuna. Ukali wa limau hufanya kazi mbili: unaufanya uji usikuchoshe mdomoni, na tindikali huchelewesha tumbo kumeng'enya wanga. Uji uliochachushwa usiku kucha hutoa faida hiyohiyo. Unga wa mchanganyiko unaouzwa kama wa lishe usome orodha yake kwanza. Ukikuta mchele na mahindi ndio wengi, huo si uji wa ulezi.

*Ndizi mbivu nusu na yai moja.* Ndizi ya ukubwa wa kati ina wanga wa gramu 27, nusu yake 13. Ichague iliyoiva manjano tu. Iliyojaa madoa meusi wanga wake umeshageuka sukari. Ndizi ndogo aina ya kisukari, jina lake tu linatosha kukuonya, kula moja.

*Mtindi mtupu mililita 200 na karanga.* Wanga gramu 9 au 10, protini 7. Uwe mtindi usiotiwa kitu. Wa ladha ya strobari au vanila mara nyingi umeongezwa sukari, na kopo litakuambia ukiligeuza nyuma. Mwenye tumbo linalounguruma kwa maziwa mabichi mara nyingi huvumilia mtindi, ila jaribu kwanza siku ya mapumziko.

*Tende ndogo mbili na korosho saba au nane.* Kwa watu wa pwani ambao tende haikosi nyumbani. Tende ndogo kavu moja ina wanga wa gramu 5 au 6. Zile kubwa laini zinazofika na boksi lake kutoka Ghuba zina gramu 18 kila moja, hivyo moja inatosha na kuzidi. Hesabu kokwa.

Vinywaji tuvimalize haraka. Juisi ya matunda, hata uliyokamua mwenyewe, ni sukari iliyoondolewa nyuzinyuzi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye sukari hubeba gramu 27 kwenye kopo la mililita 250, na dakika 30 za kutembea hazistahili zawadi hiyo. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda lakini si maji. Liache kwa siku ya zoezi refu la jua. Asali ni sukari. Kahawa isiyo na sukari inaruhusiwa, ila kwa baadhi ya watu kafeini hupandisha sukari kidogo, kwa hiyo kama unajipima usiinywe leo halafu kesho ukaiacha, utashindwa kusoma namba zako.

Hatua ya 5: Muda kati ya kula na kutoka

Yai, karanga au tende: dakika 15 hadi 20 zinatosha. Kiazi, uji, mtindi: dakika 30 hadi 45. Kipimo cha kundi la tatu: saa moja hadi saa moja na nusu.

Sukari ya damu kwa kawaida hufika kileleni kama saa moja baada ya kula, kwako pengine huchelewa zaidi. Ukianza kutembea kabla ya kilele, misuli inaivuta sukari wakati inapoingia, na kilele kinakuwa kifupi. Ukila ukakaa saa mbili ukisoma simu, kilele kimeshapita na kongosho limeshalipa gharama. Kwa hiyo mtu ambaye hawezi kabisa kutoka bila kifungua kinywa, na wapo, afanye hivi: ale mlo wake mdogo kamili, kisha atoke ndani ya dakika 15 hadi 30, aanze polepole dakika 10 za mwanzo ili tumbo lisichafuke. Hilo ni zoezi zuri vilevile. Kisichofaa ni kula mlo kamili kabla na kula mlo mwingine kamili baada.

Hatua ya 6: Jaribu siku sita, uandike

Miili inatofautiana, na mashine ndogo ya kupimia itakujibu kuliko mshauri yeyote. Gharama iko kwenye vijiti vyake, kwa hiyo usipime ovyo. Fanya zoezi lilelile, njia ileile, siku sita: mbili bila kula, mbili na yai, mbili na kipande chako cha wanga. Kila siku pima mara tatu: ukiamka, ukirudi, na saa mbili baada ya kifungua kinywa. Vijiti 18 vitakwisha, na utakuwa na jawabu.

Nawa mikono kwa sabuni na kausha kabla ya kutoboa. Kidole kilichomenya ndizi kinaweza kuandika 9 wakati damu ina 6. Vijiti visikae nje ya kopo lake wala juu ya jiko. Joto na unyevu huviharibu bila kuonekana.

Namba ya kurudi ikiwa chini ya ya kuamka kwa nusu hadi moja na nusu, ndivyo inavyotarajiwa. Ikiwa imepanda bila wewe kula, jiulize ulikwenda kasi gani. Mbio za kukata pumzi na vyuma vizito hutoa adrenalini, na adrenalini huliamuru ini liachie sukari. Hushuka yenyewe ndani ya saa moja au mbili, na misuli iliyochoka huendelea kunyonya sukari kwa saa nyingi baadaye. Usiache zoezi kwa sababu hiyo. Anza taratibu na umalizie taratibu tu. Lakini ikiwa imepanda kila siku uliyokula kipande cha wanga na haikupanda siku za yai, jawabu umelipata.

Chini ya 4.0, au ukitetemeka, ukitoka jasho baridi, ukichanganyikiwa: simama, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Kama hutumii dawa na jambo hili limekutokea zaidi ya mara moja, mwone daktari.

Hatua ya 7: Mlo wa baada ndio wenye mtego

Njaa ya saa 1 asubuhi ina hoja nzito. Umetembea kilomita 3, mama wa vitumbua yuko kona, na nafsi inasema umevilipia. Hujavilipia.

Andaa mlo kabla ya kutoka, ili ukirudi usifikiri. Mayai mawili na mchicha au sukuma wiki, na kipande kimoja cha mkate wa unga usiokobolewa. Au maharage ya jana kikombe kimoja na parachichi robo. Kwa watu wa pwani, mbaazi za nazi nusu kikombe: zina wanga gramu 20 lakini kati ya hizo nyuzinyuzi ni 5 au 6, na protini karibu 6 juu yake. Nazi iwe nyepesi. Mahamri ndiyo yanayoiharibu sahani hiyo. Kula moja siku ya mapumziko, si matatu kila siku. Anza na mboga na protini, wanga uje mwisho wa sahani. Mpangilio huo peke yake hupunguza kilele.

Chai iwe na maziwa, tangawizi, mdalasini ukipenda. Sukari punguza nusu kijiko kila wiki badala ya kuikata siku moja. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na ukimaliza utashangaa ulivyokuwa ukinywa sharubati.

Metformini, kama umeandikiwa ya asubuhi, imeze pamoja na mlo huu na si kabla ya kutoka. Ikimezwa na tumbo tupu huleta kichefuchefu na kuharisha, na hakuna anayetaka kuharisha akiwa kilomita 2 kutoka nyumbani.

Baada ya miezi mitatu

Kipimo cha HbA1c kisirudiwe kabla ya hapo. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na kipimo hiki husoma sukari iliyoishikilia chembe hiyo maishani mwake. Ukipima baada ya wiki nne, bado unasoma chapati za zamani. Lengo la kushikilia katika miezi hiyo linajulikana: dakika 150 za kutembea kwa kasi kwa wiki, na kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa aliyezidisha. Kwa mtu wa kilo 85 hizo ni kilo 6. Ndizo zilizowekwa kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wenye washiriki 3,234, ambapo walioufuata mpango huo walipunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa metformini kwa asilimia 31.

Ukiwa na selimundu, au umerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu kwa mzazi mmoja, ukiwa na upungufu wa damu, mjamzito, au umeongezewa damu karibuni, mwambie mtaalamu wa maabara kabla hajachukua damu. Hali hizo huipotosha HbA1c, juu au chini, na kwako kitafaa zaidi kipimo cha sukari ya asubuhi au kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa saa mbili baadaye.